Walinzi wa Vilindi: Juu ya Tamthilia Iliyoyakimbia Maji

Mhadhara uliosomwa Bunia, Ituri



Nimeombwa niseme nanyi juu ya hadithi za kubuni za sayansi, zile zinazomchukua mtu wa leo zikampeleka katika zama ambazo hazijawadia; nami, badala ya kuyatawanya maneno yangu juu ya kazi nyingi, nimechagua moja tu, tena si iliyofuzu bali iliyoharibika, kwa kuwa naitakidi kwamba kazi iliyoanza kwa neema ikaishia katika hasara humfundisha mtunzi mambo ambayo kazi timamu humficha. Kazi hiyo ni tamthilia ya televisheni ya Kimarekani iitwayo seaQuest DSV, ambayo walioitazama kwa Kifaransa waliijua kwa jina la SeaQuest, police des mers, na ambayo shirika la NBC lilianza kuionyesha tarehe 12 Septemba 1993.

Haikuwa kazi ya mafukara. Steven Spielberg, ambaye mwaka ule ule alikuwa ameitoa filamu ya Jurassic Park, alikuwa miongoni mwa wasimamizi wake wakuu. Aliyeibuni ni Rockne S. O'Bannon, nahodha wake aliigizwa na Roy Scheider, yule aliyekuwa mkuu wa polisi aliyepambana na papa katika filamu ya Jaws ya 1975, kipindi cha kwanza kiliongozwa na Irvin Kershner, na muziki wake, uliotungwa na John Debney, ulipata tuzo ya Emmy. Zaidi ya hao wote, mshauri wake katika elimu ya bahari alikuwa Robert Ballard, mmoja wa walioongoza msafara uliovumbua mabaki ya Titanic mwaka 1985, naye katika mwaka wa kwanza wa tamthilia alikuwa akijitokeza mwishoni mwa kipindi, uso kwa uso na watazamaji, akiwaeleza ni lipi katika waliyoyaona lililo na asili katika ilmu ya kweli. Mali ilikuwapo, ujuzi ulikuwapo, na hadhira ilikuwapo. Basi anayetaka kujua kwa nini kazi hii ilianguka na atafute sababu mahali pengine.

Kisa chenyewe kiliwekwa katika mwaka 2018, ambao kwao ulikuwa mbali na kwetu umekwisha kupita. Wanadamu, baada ya kuimaliza sehemu kubwa ya rutuba na madini ya nchi kavu, wameteremka wakakaa juu ya sakafu ya bahari. Huko wanalima, wanachimba, wanajenga vijiji chini ya kuba, na mataifa yaliyojikusanya katika mashirikisho makubwa yamekaribia kuangamizana kwa ajili ya mali ile, mpaka yakaafikiana kuunda jumuiya moja ya kuihifadhi amani ya bahari. Jumuiya hiyo ikakabidhiwa nyambizi yenye urefu wa zaidi ya mita 300, ambamo askari na wanasayansi wamewekwa pamoja wala hawapendani. Nahodha Nathan Bridger, aliyeichora nyambizi hiyo kwa mkono wake, alikuwa amejitenga kisiwani, pamoja na pomboo wake aitwaye Darwin, baada ya mwanawe kupotea katika utumishi wa jeshi la maji na mkewe kufariki. Alikwisha kuapa kwamba hatarudi tena vitani, na ilibidi avutwe kwa hila ndipo akanyage sitaha ya chombo alichokibuni. Na adui wake wa kwanza hakuwa dubwana. Alikuwa nahodha aliyemtangulia, mwanamke aitwaye Marilyn Stark, aliyevuliwa uongozi kwa kuwa alikuwa tayari kuanzisha mashambulizi ya nyuklia kinyume cha amri aliyopewa.

Nawaomba mlipime hilo kwa akili za watu wa Ituri. Mali iliyolala chini. Watu wanaoishi juu yake na ambao hawakuulizwa. Mataifa ya mbali yenye kuitamani. Na jeshi la kigeni lenye bendera ya walimwengu wote, linalokuja kusema kwamba limekuja kulinda. Mambo haya sisi hatukuyasoma katika hadithi. Dhahabu ya Kilo ilianza kuwaita wageni tangu mwaka 1903, na haijaacha kuwaita. Mwezi wa Juni 2003, kwa idhini ya Azimio nambari 1484 la Baraza la Usalama, kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Wafaransa, kwa jina la Artemis, kiliingia katika mji huu kikakaa mpaka mwanzo wa Septemba. Kabla yake na baada yake walikuwapo askari wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUC, ambao tangu 2010 inaitwa MONUSCO. Katika chumba hiki yumo mtu aliyesalimika kwa sababu walinzi walikuwapo, na yumo pia aliyewangojea wasije. Wote wawili wangeweza kuwauliza watunzi wa tamthilia ile maswali ambayo watunzi wenyewe, wakiwa katika studio zao, hawakuthubutu kuyafikisha mwisho: mlinzi ametumwa na nani hasa, akikosea anashtakiwa katika mahakama ipi, na lile analolilinda usiku kucha, je, ni uhai wa mkulima wa sakafu ya bahari, au ni njia ya meli inayobeba madini?

Hapo ndipo palipokuwa na hazina ya kazi hii. Mtu aliyeapa kutoshika silaha amepewa silaha kubwa kuliko zote duniani, na kila asubuhi anaamka akiwa na hiari ya kuitumia au kuizuia. Sijui kadhia iliyo nzito zaidi kwa tamthilia ya zama zetu. Lau watunzi wangekaa nayo kwa subira, wakamfuata Bridger mpaka siku ambayo kuzuia kwake kungewaua watu na siku ambayo kutumia kwake kungewaua wengine, tungekuwa leo tunaitaja kazi yao kwa taadhima, hata kama mitambo yake ya kuchora picha kwa kompyuta imekwisha kupitwa na wakati.

Mwaka wa kwanza ulionyesha mara kadhaa kwamba jambo hilo liliwezekana. Kulikuwa na kipindi kilichowafikisha kwenye matundu ya maji ya moto yaliyo kilindini, yale yaliyoonekana kwa mara ya kwanza karibu na visiwa vya Galápagos mwaka 1977 katika msafara aliokuwamo Ballard mwenyewe, na ambayo viumbe wake hawategemei jua kwa chakula chao bali huishi kwa kemikali zinazotoka ndani ya ardhi. Kulikuwa na kipindi kingine ambamo Maktaba ya Iskandaria inapatikana chini ya bahari, na mara mataifa yanaanza kushindania haki ya kuimiliki: ni ya aliyeivumbua, au ya nchi ambayo ufukwe wake ni jirani, au ya wale ambao babu zao waliyaandika magombo yale? Mkongo anayelisikia swali hilo hana haja ya kufafanuliwa. Vitu vya wahenga wetu vimejaa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na mwezi wa Juni 2022, Mfalme Philippe wa nchi hiyo alipokuja Kinshasa na kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, alikikabidhi kwa mkopo usiowekewa muda, yaani mwenye mali alikopeshwa mali yake. Swali la Iskandaria lilikuwa swali letu. Lakini watunzi, walipokwisha kuliweka mezani, waliwaingiza katika mashauri yale watu wenye kipaji cha kuyasoma mawazo ya wenzao, na hoja ya haki ikapotelea katika ajabu ya kipaji. Nawasihi wanafunzi walishike jambo hili, kwa kuwa ni alama ya kwanza ya maradhi: mtunzi anafika mlangoni pa swali lake, anaogopa, anaita muujiza uje umwokoe.

Baada ya hapo maradhi yalienea upesi. Tamthilia ilikuwa ikionyeshwa Jumapili jioni, saa ile ile ambayo mashirika mengine mawili yalikuwa na Murder, She Wrote na Lois & Clark, na watazamaji wakapungua. Kazi ya kupiga picha ikahamishwa kutoka California ikapelekwa Florida. Stephanie Beacham, aliyekuwa mkuu wa wanasayansi na mtu pekee aliyeweza kumpinga nahodha kwa hoja, akatoka pamoja na wenzake kadhaa. Ballard na maelezo yake akatoka pia. Katika mwaka wa pili wakaja wageni kutoka nyota nyingine, akaja mungu wa bahari wa kale, zikaja safari za kuvuka karne, mpaka Scheider mwenyewe akalalamika waziwazi katika magazeti kwamba hii siyo kazi aliyoitwa kuifanya. Mwaka huo ukamalizika kwa nyambizi kuchukuliwa ikapelekwa katika bahari ya sayari nyingine. Katika mwaka wa tatu jina likabadilika likawa seaQuest 2032, Michael Ironside akawa nahodha mpya, na siasa za bahari zikarudishwa, tena kwa ukali mzuri. Lakini imani ya watazamaji ilikuwa imekwisha kutumika, na baada ya vipindi 13 tu NBC ikaifunga, mwaka 1996.

Watu husema kwamba biashara ndiyo iliyoiua. Mimi sikatai kwamba biashara ilitia mkono, ila nadhani hukumu hiyo inawaachilia watunzi mapema mno. Mwenye duka alipowaambia wabadilishe bidhaa, wangeweza kuchimba zaidi pale pale walipokuwa. Badala yake waliyakimbia maji, na waliyakimbia kwa kuwa tangu awali hawakuyaamini. Hawakuamini kwamba maji peke yake, kwa sheria zake yenyewe, yanatosha kumtia mtu hofu na kumtia mahaba.

Tazameni sheria hizo jinsi zilivyo. Kila mtu ashukapo mita 10, mkandamizo wa maji huongezeka kwa kadiri ya uzito wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwa hiyo katika kina cha mita 1,000 kila ukuta wa chombo umesukumwa mara mia. Nuru ya jua, ikishapita mita 200, huwa hafifu sana, na katika mita 1,000 haipo kabisa, kiasi kwamba viumbe wa huko hujiwashia taa zao wenyewe katika miili yao. Sauti, kwa upande mwingine, hupata nguvu: husafiri kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne kuliko hewani, ndiyo maana nyambizi haioni bali husikiliza, na baharia wake huishi kwa sikio. Mtunzi aliyepewa giza, uzito, na sauti asemaye kwamba hana cha kusimulia, huyo amekaa mbele ya chungu kilichojaa akilia njaa. Katika seaQuest watu hutembea katika kumbi pana zenye mwanga, milango hufunguka na kufungwa, na mtazamaji hupitisha saa nzima bila kukumbushwa kwamba juu ya kichwa cha kila mmoja wao imelala milima ya maji. Ni bahari iliyotungwa na watu waliokaa pakavu.

Jules Verne, aliyeutoa mwaka 1870 ule mwisho wa hadithi ya nyambizi Nautilus, hakuwahi kushuka kilindini hata mara moja, lakini alihesabu: anatuambia uzito wa maji, anatuambia hewa ndani ya chombo inaisha lini, na hesabu hizo ndizo zinazotukaba koo. Na walioshuka kweli walituachia visa ambavyo havihitaji kuongezwa chumvi. Auguste Piccard, profesa wa Brussels, alianza kukiunda chombo cha kuzamia kwa fedha za mfuko wa utafiti wa Ubelgiji, akakiita kwa herufi za mfuko huo, FNRS-2, akakijaribu mwaka 1948 katika bahari iliyo mbele ya Afrika Magharibi. Mwanawe, Jacques Piccard, pamoja na Don Walsh wa jeshi la maji la Marekani, wakiwa wamejifungia ndani ya tufe la chuma lenye upana wa mita mbili hivi chini ya chombo kiitwacho Trieste, walishuka tarehe 23 Januari 1960 mpaka sakafu ya shimo la Mariana, karibu mita 10,900. Safari ya kushuka ilichukua karibu saa tano. Wakiwa kiasi cha mita 9,000 walisikia mshindo uliokitikisa chombo: dirisha moja la nje lilikuwa limepata ufa. Walitazamana, wakapima, wakaendelea kushuka. Miezi mitano baadaye nchi yetu ikapata uhuru, na sioni kwamba habari hizi mbili ziko mbali, kwa kuwa mwaka ule watu wengi walikuwa wakijifunza kwamba mahali palipoitwa pasipofikika panafikika.

Lakini kwa nini niwapeleke Mariana, ilhali Kivu iko kusini mwetu? Ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya mita 470, na maji yake hayachanganyiki. Yamepangika tabaka juu ya tabaka, yale ya chini yakiwa na chumvi na joto zaidi kwa sababu ya chemchemi zinazoingilia humo humo chini, na uzito wake huyazuia yasipande. Ndani ya tabaka hizo za chini, kwa nguvu ya mkandamizo tu, zimefungwa gesi: kiasi cha kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi, na kama 60 za methani. Mnajua lililotokea Kamerun tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos, dogo lisilolinganishwa na Kivu, lilipoitapika kaboni dioksidi yake usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa wengi wao wakiwa wamelala. Mnajua vilevile kwamba Januari 2002 moto wa volkano ya Nyiragongo ulipita katikati ya Goma ukaingia ziwani, na wanasayansi wakashuka upesi kupima kama tabaka zile zimeguswa; hazikuwa zimeguswa. Wenyeji wa Goma tangu zamani wanazijua pepo mbaya zinazokaa mabondeni, wanazoziita mazuku, ambazo ni kaboni dioksidi hiyo hiyo ikitoka ardhini, na mama humkataza mtoto asiteremke huko asubuhi.

Na sayansi imekwisha kuingia katika ziwa hilo kwa namna ambayo hakuna mtunzi wa NBC aliyeiota. Upande wa Rwanda, tangu miaka ya 1960, methani ilikuwa ikitolewa Rubona kukipa moto kiwanda cha bia cha Gisenyi, na mwaka 2016 ukazinduliwa mtambo wa KivuWatt wenye megawati 26 za umeme. Bomba hushushwa mpaka katika maji yenye gesi; maji yakishaanza kuvutwa juu, mkandamizo hupungua, gesi hujitenga kwa mapovu, na mapovu hayo yenyewe huyabeba maji yanayofuata, hata ikawa ziwa linajipandisha lenyewe. Mali ile ile inayoweza kuua mamilioni ndiyo inayowasha taa, na mpaka wa nchi mbili umepita katikati yake, ingawa tabaka za chini hazijui mpaka. Nani atailinda? Nani atahesabu kiasi kilichotolewa upande huu na upande ule? Hapo panatakiwa nahodha wa namna ya Bridger, mwenye ilmu na mwenye kiapo, na hapatakiwi mtu wa nyota nyingine.

Ziwa letu la Albert halina kina hicho. Ukiteremka kutoka hapa Bunia zaidi ya mita 600 ukafika Kasenyi au Tchomia, umefika kwenye maji ambayo popote hayafiki mita 60. Hata hivyo mambo yaliyomo yanatosha. Mpaka wake uliandikwa na Waingereza na Wabelgiji mwaka 1915, juu ya karatasi, na mvuvi anayetega nyavu usiku hauoni. Mwaka 2006 Uganda ilitangaza kwamba mafuta yamepatikana kando ya ziwa. Mwaka uliofuata damu ikamwagika karibu na kisiwa kidogo cha Rukwanzi, na mwezi wa Septemba 2007 marais wa Kongo na Uganda wakakutana Ngurdoto, karibu na Arusha, wakatia saini mapatano. Wavuvi wameendelea kukamatwa na askari wa doria, huku na huku, nyavu zikachukuliwa, injini za mitumbwi zikachukuliwa. Askari hao nao ni polisi wa maji. Kijana anayetaka kutunga tamthilia ya mwaka 2060 juu ya ziwa hili, lenye visima vya mafuta chini, vyombo vya doria visivyo na rubani juu, na mama anayengojea samaki wa kutia chumvi ufukweni, amekwisha kupewa nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kukaa na wavuvi muda mrefu wa kutosha, mpaka ajue jinsi upepo wa usiku unavyobadilika na jinsi injini inavyozimwa doria ikikaribia, na kutoruhusu dubwana lolote liinuke majini kumwondolea tabu ya kufikiri.

Neno langu la mwisho ni juu ya bahari ile ile waliyoiacha. Mwaka 1967 balozi wa Malta, Arvid Pardo, aliuomba Umoja wa Mataifa uihesabu sakafu ya bahari kuu kuwa urithi wa wanadamu wote. Fikra hiyo ikaingia katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, nao ukaanza kufanya kazi Novemba 1994, yaani katika miezi ile ile ambayo seaQuest ilikuwa imekwisha kuyapa kisogo mambo hayo. Mamlaka ya kuisimamia sakafu hiyo ikawekwa Kingston, Jamaika. Juu ya sakafu ya Pasifiki, kati ya Hawaii na Meksiko, yametandazwa madonge ya madini yenye manganisi, nikeli, shaba na kobalti, na makampuni yenye idhini ya utafutaji yamekwisha kuzishusha mashine zao kwa majaribio. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia leo hutoka katika ardhi ya Kongo. Siku madonge yale yatakapoanza kuinuliwa kwa biashara, bei itakayotikisika ni ya kobalti ya Kolwezi, na mchimbaji atakayeulizwa kwa nini anagharimu hivi ni ndugu yetu. Kanuni za uchimbaji huo zingali zinajadiliwa, na Kongo, iliyouridhia mkataba tangu 1989, ina kiti chake katika ukumbi ule wa Kingston pamoja na mataifa mengine. Ningependa kuona tamthilia inayoanzia kwenye kiti hicho, siku ya kupiga kura, mjumbe wetu akiwa na makaratasi mbele yake na simu kutoka Kinshasa, simu nyingine kutoka Kolwezi, na muda usiozidi dakika chache wa kuinua mkono au kuuacha mezani.